Kipa wa Landhi na Mvua ya Molo

Enzi zile tukiishi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, hungeweza kumwambia jirani kwamba nyumba yake inaungua kabla hujamuuliza kama mvua imemfikia. Nasema kweli kabisa. Siku moja jiko la mafuta ya taa lilishika pazia la jirani yetu, na mtu aliyetumwa kumwita mwenye nyumba alimkuta ameketi barabarani na wenzake. Akamsalimu, akauliza habari za mvua, akajibiwa. Akauliza gari alilopanda asubuhi lilimfikishaje, akajibiwa. Akauliza mpira wa jana uliishaje, akajibiwa kwa urefu. Ndipo akasema, "Sawa basi. Ni vile pazia yako inaungua." Bahati nzuri pazia lilikuwa limeshazimwa na wanawake, ambao siku hiyo hawakuwa na nafasi ya mvua.

Kwa ninyi mliozaliwa simu zikiwa tayari mifukoni, ngoja niwaeleze polepole, maana si kosa lenu. Mvua ilikuja kwanza kwa sababu kila mtu, hata aliyevaa ovaroli ya reli, alikuwa na kipande cha shamba mahali fulani: mahindi kule magharibi, kondoo kule Mau, au mboga nyuma ya choo. Gari lilifuata, na usidhani lazima uwe na gari ndipo uulizwe. Asiye na gari aliulizwa habari za gari alilopanda, na aliyetembea kwa miguu aliulizwa magari aliyoyaona njiani. Mpira ulikuwa wa tatu. Baada ya hayo matatu ndipo mtu alitoa neno lililomleta, na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa fupi sana, kama vile "Naomba chumvi."

Makao makuu ya mazungumzo hayo yalikuwa mbele ya karakana ya Fundi Otieno, mchomeleaji vyuma. Fundi alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma cha gari lililokufa, akakiweka juu ya mawe, kikiangalia barabara. Kilikuwa kiti kizuri, springi zake mbili tu ndizo zilizochoma, na wenyeji walijua zilipo. Hapo aliketi Fundi mwenyewe akipumzisha macho, Mzee Kiplagat aliyelinda geti la reli, na baba yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Nekesa kwa sababu Nekesa ni mimi.

Mzee Kiplagat ndiye aliyekuwa na mvua. Kondoo wake walikuwa Mau Narok na yeye alikuwa Nakuru, kwa hiyo macho yake yalikuwa yamezoea kutazama ule ukingo wa milima kuanzia asubuhi hadi jioni. Akisema Mau kutanyesha saa sita, saa sita ilinyesha. Jambo la ajabu ni kwamba mvua ya hapa Nakuru, iliyokuwa juu ya kichwa chake, haikuwahi kumtii. Alinyeshewa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemkumbuka. Fundi Otieno alikuwa na mpira. Alisikiliza redio akiwa amevaa ile barakoa yake ya kuchomelea, na bao likifungwa cheche ziliruka upande usiotakiwa. Na Baba alikuwa na gari.

Lilikuwa pikapu la kijani, au tuseme lilikuwa limewahi kuwa kijani. Alisombea viazi kutoka Molo, na siku nyingine kabichi kutoka Njoro. Bomba lake la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, lilikuwa limetoboka kwa miaka miwili, na mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayekohoa ndani ya pipa. Fundi Otieno alimwomba Baba kila wiki amletee alizibe.

"Lete hiyo kitu nichomelee, Baba Nekesa. Dakika ishirini tu."

"Ya nini? Gari ni lazima isikike ikikuja. Ng'ombe watajuaje watoke barabarani?"

Hapo ndipo nifike kwenye ule ujuzi ambao vijana wa leo hawawezi kuuamini. Sisi tuliyajua magari kwa masikio. Wazee wakiwa pale kwenye kiti walipenda kufumba macho na kushindana, na sisi watoto tuliiga, tukilala kifudifudi kwenye majani kando ya reli. Tuliweza kusema hili ni lori la pareto, hili ni trekta la ngano la kutoka Njoro, hili ni basi la Kisumu na dereva leo ana haraka. Rafiki yangu Njoroge, aliyekuwa darasa la saba, aliweza hata kukwambia lori la maziwa limejaa au ni tupu. Pikapu la Baba halikuwa hata na hadhi ya kuwekwa kwenye mashindano. Hata mtoto wa kunyonya alilijua. Lilisikika tangu njia panda ya Njoro, na kutoka hapo mpaka mlangoni petu ilikuwa ni muda wa kutosha kunawa miguu yote miwili mpaka magotini, kuvaa sweta, na kufungua kitabu cha hesabu. Tulikuwa tumeupima muda huo mara nyingi. Nilikuwa na sababu.

Sababu ni kwamba nilikuwa kipa wa timu ya landhi, na nilikuwa nimekatazwa.

Sikuchaguliwa kwa heshima yoyote. Kiwanja chetu kilikuwa cha mawe madogomadogo, na wavulana wote waliogopa kujirusha. Siku moja nilikuwa nimesimama tu nyuma ya goli nikila miwa, mpira ukaja, nikajirusha. Njoroge, ambaye alikuwa kapteni kwa sababu ndiye aliyeongea zaidi, alitazama magoti yangu yanayotoka damu, akatazama uso wangu usiolia, akasema, "Huyu sasa ni wetu." Fundi Otieno alisikia habari hizo akanipa glavu zake za zamani za kuchomelea, za ngozi, zilizofika viwikoni. Nikizivaa nilionekana kama mtu aliyekuja kuondoa nyuki. Lakini mpira haukupenya.

Kilichoniponza ni gauni la kanisani. Jumapili moja tulitoka ibada na mpira ulikuwa unachezwa njiani, na mimi sikuweza kupita. Gauni lilipasuka kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Mama alilia kidogo. Baba hakulia. Aliniweka mbele yake akasema maneno machache, jambo ambalo kwake lilikuwa la kutisha, kwani hakuanza hata na mvua.

"Nekesa. Nikikupata golini tena, unaenda kukaa na senge yako Lugari."

Senge ni shangazi, na huyu wa kwetu ni lazima nimweleze. Alikuwa mwanamke mwema aliyeamka saa kumi usiku na kuamini kila mtu amelala vya kutosha. Kwake tulikamua ng'ombe kabla ya kupambazuka, tukasali, tukapalilia, tukasali tena, na mpira pekee niliouona kule ulikuwa ni boga. Nilimpenda nikiwa mbali. Kuhamia kwake kulimaanisha kuacha shule yangu, kumwacha Njoroge, na kuziacha zile glavu. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, hiyo ilikuwa ni hukumu ya maisha.

Sasa mtauliza, mbona nisiache? Ni swali zuri, na nimewahi kujiuliza. Jibu ni kwamba kulikuwa na mechi na watoto wa Kaptembwo. Kati ya landhi na Kaptembwo kulikuwa na kiwanja kimoja tu kilicho tambarare, na tulikuwa tumekubaliana kwamba atakayeshinda atakitumia likizo yote ya Agosti. Atakayeshindwa angecheza kule kwenye mteremko, ambako ukifungwa bao unaufuata mpira mpaka karibu na ziwa. Njoroge alikuja mlangoni kwetu siku tatu mfululizo. Alimwamkia Mama, akamuuliza kuhusu mvua kwa adabu kabisa, kisha akanitazama kama mtu anayeomba maji.

Ijumaa jioni tulijificha nyuma ya ukuta wa karakana, tukijifanya tunacheza bano, yaani gololi. Kwenye kile kiti cha gari ndiko tulikopata habari zetu zote, bila wazee kujua kwamba wanatoa siri.

"Kesho uko wapi, Baba Nekesa?" Fundi aliuliza.

"Molo. Viazi."

Mzee Kiplagat aliutazama ukingo wa Mau kwa muda, akavuta hewa puani. "Kesho saa sita huko juu, mtu hatajua hii ni barabara na hii ni shamba."

"Inanyesha namna hiyo?"

"Mimi nimesema. Kondoo wangu wenyewe wanajua."

"Na hiyo gari yako," Fundi akasema, "ikiingia matope ya Elburgon unatoka Jumatatu."

"Gari yangu haijawahi kulala njiani."

"Italalaje? Na hiyo kelele yake nani anaweza kulala?"

Nyuma ya ukuta Njoroge alinibana mkono kwa furaha. Tulipiga hesabu kama wanajeshi. Mvua ya Molo ingemchelewesha Baba. Nakuru kungekuwa kukavu, au hata kukinyesha kungenyesha jioni. Na hata kama Baba angerudi mapema, ekzosi ingetuambia. Usiku huo, Mungu anisamehe, niliombea barabara ya Molo iharibike. Niliomba kwa jina la barabara, ili pasiwe na makosa.

Jumamosi Baba aliondoka alfajiri, akikohoa ndani ya pipa mpaka sauti ikapotea upande wa Njoro. Saa tisa nilikuwa golini. Nilivaa kaptula ya Njoroge, shati la kaka yake, zile glavu, na boshori ya sufi niliyoivuta mpaka kwenye nyusi ili nisijulikane. Bila shaka kila mtu alinijua. Landhi nzima ilikuwa pembeni mwa uwanja, na Kaptembwo nzima ilikuwa ng'ambo, na muuza njugu alikuwa katikati akipita mbele ya goli langu kila apendapo.

Tulitangulia kufunga. Njoroge alifunga kwa goti, ingawa siku hizi ni mwalimu mkuu na huwaambia wanafunzi wake kwamba ilikuwa kichwa. Baada ya hapo Kaptembwo walihamia kwangu. Niliokoa moja kwa kifua, moja kwa uso, na moja sikuiona kabisa ila ilinigonga mgongoni nikimfukuza muuza njugu. Watu walishangilia zote sawasawa. Na kila dakika sikio langu moja lilikuwa njia panda ya Njoro. Nilisikia trekta. Nikasikia lori la maziwa, tupu. Pikapu la Baba halikusikika.

Kilichotokea kule juu nilikuja kukijua baadaye. Dua yangu ilikuwa imejibiwa kupita kiasi. Mvua ilinyesha Molo na barabara ikaharibika kweli, kiasi kwamba Baba hakufika kwenye viazi kabisa. Alipogeuza Elburgon, gurudumu liliingia kwenye shimo na ile ekzosi ya miaka miwili ikabaki humo. Fundi mmoja wa pale alikuwa na nyingine nzuri aliyoitoa kwenye gari jingine, akaifunga. Kwa hiyo mvua niliyoiombea ndiyo iliyomrudisha Baba mapema, na ndiyo iliyomrudisha kimya kama paka. Nimewaeleza watoto wangu mara nyingi: ukiomba, usieleze sana.

Tena Baba alikuwa na udhaifu mmoja ambao sikuuweka kwenye hesabu. Hakuweza kupita mpira unaochezwa bila kuuliza ngapi ngapi. Hata wangekuwa watoto wa nasari wanapiga chungwa, alisimamisha gari. Basi aliegesha pikapu nyuma ya goli langu, hatua kama thelathini hivi, akashuka, akasogea pale aliposimama Fundi Otieno.

"Ngapi ngapi?"

Fundi aligeuka akamwona. Kwa miaka mingi amekuwa akinisimulia mambo yaliyofuata, kila mara akiongeza kidogo.

"Baba Nekesa! Mbona sijasikia gari?"

"Nimeweka ekzosi mpya."

"Nani amekuwekea?"

"Fundi fulani wa Elburgon."

"Elburgon!" Fundi anakiri kwamba kwa muda alinisahau kabisa. "Miaka miwili nakuomba, halafu unaenda Elburgon? Mimi ni nani kwako?" Kisha akakumbuka aliyekuwa golini, akameza uchungu wake kama mwanamume. "Lakini tuache hayo. Mvua imewafikia huko?"

Na hapo, ndugu zangu, ule utamaduni wetu ulifanya kazi yake. Ukiulizwa kuhusu mvua lazima ujibu, na ukijibu lazima uonyeshe ilikotoka. Mau iko upande mwingine, si wa kiwanja. Baba aliupa uwanja mgongo, akanyoosha mkono, akaanza kueleza wingu kwa wingu. Alipomaliza na kutaka kugeuka, Mzee Kiplagat alikuwa ameshafika akihema.

"Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mzee wangu."

"Na matope yalifika wapi? Kwa ekseli?"

Baba akaeleza matope. Alipotaka kugeuka tena, jirani yetu mmoja, mama aliyeuza mandazi na ambaye sijawahi kumsikia akitaja gari maisha yake yote, alimshika kiwiko akauliza kwa huruma, "Na giaboksi, Baba Nekesa, inaendeleaje?" Nyuma yake watu walikuwa wameanza kujipanga kama wanaosubiri daktari. Landhi nzima ilikuwa inamfunika mtoto wa watu kwa habari za gari.

Wangemaliza mechi hivyo, naamini. Aliyeharibu ni mtu mmoja wa Kaptembwo ambaye hakuwa na habari na alitaka tu kuwa mkarimu.

"Boss, achana na mvua. Utakosa hii kitu. Angalia hiyo kipa ya landhi. Hiyo katoto inaruka kama paka!"

Baba akageuka. Wakati huohuo, sijui kwa nini, nami niligeuka. Niliona pikapu kwanza, limetulia pale kama limekuwa hapo tangu uhuru. Kisha nikaona kofia ya Baba, na chini ya kofia, Baba. Nilisahau mikono yangu iko wapi. Mshambuliaji wao alikuwa amepiga shuti dhaifu, lile la kurudisha tu, nao mpira ukaja polepole ukidunda, ukapita katikati ya miguu yangu kwa utulivu kama ng'ombe anayerudi bomani. Ikawa moja moja.

Kaptembwo walilipuka. Na juu ya kelele zote hizo nikasikia sauti ninayoijua kuliko mlio wa gari lolote.

"Funga miguu wewe! Kipa gani anasimama kama geti?"

Hata leo sijui kama alipoifungua midomo yake alikuwa ameshanitambua. Fundi anasema ndiyo. Mzee Kiplagat alisema hapana, kwamba kuna mambo ambayo mtu hulazimika kuyasema kwa kipa yeyote. Ninachojua ni kwamba nilifunga miguu. Shuti lililofuata nililala nalo. Lililofuata hilo nilipanda nalo juu. Sikuwa na ujasiri wowote. Ni kwamba mtu akishajua anaenda Lugari hana tena cha kuogopa. Kisha ile mvua ya Mau, ambayo Mzee Kiplagat alikuwa ameapa haitashuka Nakuru, ikashuka yote kwa pamoja. Katika dakika tano mpira uliacha kudunda, uwanja ukawa uji, na muuza njugu akatangaza kwamba mechi imeisha, naye akaheshimiwa kama refa. Tukakubaliana kurudia Jumamosi inayofuata.

Nilipotazama nyuma ya goli, pikapu halikuwepo. Liliondoka jinsi lilivyokuja.

Jioni hiyo nilikaa mezani nimenawa mpaka nyuma ya masikio. Kulikuwa na ugali na sukuma. Nilikula kama mtu anayeaga chakula. Baba alianza na mvua. Alimweleza Mama habari za Molo na Elburgon. Akaja kwa gari, akamweleza ekzosi. Nikahesabu: mbili zimeisha, imebaki moja, kisha jambo lenyewe.

"Nimepitia pale kiwanjani," Baba akasema. "Kulikuwa na mpira wa watoto."

"Ngapi ngapi?" Mama aliuliza.

"Moja moja. Hawa wetu wana kipa."

"Mtoto wa nani?"

Baba alimega ugali akauviringa kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Sijui. Alikuwa amevaa boshori."

Mama alinitazama mimi. Mimi nilitazama sukuma.

"Ni mzuri?"

"Anaruka vizuri. Lakini hajui kusimama. Kipa akisimama katikati ya mstari goli linakuwa kubwa. Anafaa atoke hatua mbili mbele, hivi." Akachukua kikombe akakiweka kuwa goli, kijiko kikawa kipa, akakisogeza kijiko mbele, akaondoka nacho polepole kuelekea kwenye chumvi. "Unaona goli linavyopungua? Mtu angemweleza."

"Mtu angemweleza," Mama akasema.

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na lilikuwa limeisha. Hakuna aliyetaja Lugari. Lakini msidhani nililala. Kutotajwa kwa kitu hakumaanishi kimefutwa. Wiki nzima nilisubiri, na kila Baba alipokohoa nilijiona ndani ya basi na sanduku langu. Kurudi golini bila ruhusa nisingethubutu tena, na kuomba ruhusa kungekuwa ni kukiri. Njoroge alianza kumfundisha mdogo wake kudaka. Mdogo wake alifumba macho kila mpira ulipoguswa, hata ulipoguswa na mtu wa upande wetu.

Ijumaa jioni tulikuwa tena nyuma ya ukuta na bano zetu. Nilisikia Baba akifika, akiketi kwa uangalifu ili aikwepe springi. Kabla hajaulizwa chochote, alisema kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayeongea na kiziwi aliye nyuma ya ukuta:

"Kesho niko Molo!"

"Molo?" akauliza Mzee Kiplagat. "Si juzi tu umeleta viazi? Hujauza hata nusu."

"Naenda kuongeza."

"Na barabara?" akauliza Fundi.

"Mbaya sana! Mbaya kabisa! Sitarudi kabla ya saa kumi na mbili. Hata saa moja!"

Mzee Kiplagat alinyanyua macho kuelekea Mau. Anga ilikuwa safi kama sahani, hapakuwa na wingu hata la kufutia miwani. Alikuwa mtu aliyejivunia kutodanganya kuhusu Mau hata mara moja maishani mwake. Nilimsikia akikohoa.

"Ndiyo," akasema. "Huko juu ni mvua tu."

Jumamosi nilidaka. Nilisimama hatua mbili mbele ya mstari. Mnamo kipindi cha pili nilitupa jicho kule kwenye kinu cha kusaga mahindi, na nyuma ya ua wake niliona kipande cha rangi iliyowahi kuwa kijani. Tulifungwa mbili kwa moja, na mabao yote mawili yalipita juu ya vidole vyangu. Likizo hiyo ya Agosti tulicheza kwenye mteremko. Jioni Baba aliingia akiwa hana hata kiazi kimoja, wala tope hata kidogo kwenye viatu, akamwambia Mama kwamba amesikia yule kipa alisimama vizuri sana, shida iliyobaki ni urefu, na hiyo haina fundi hata Elburgon.

Siku hizi mambo ni mepesi, na sisemi ni mabaya. Mwanangu hajui Mau iko upande gani, lakini simu humwambia mvua itaanza saa tisa na dakika ishirini. Hukaa kwenye kochi akaitazama ikianza saa tisa na dakika ishirini, huku nguo zikilowa kwenye kamba, kwa sababu simu haikumwambia azianue. Magari mapya yanapita hapa nje bila mlio wowote, na hata yangekuwa na mlio, sote tumeziba masikio kwa nyaya. Wanajua nani anaumwa goti katika timu za Uingereza na hawajui jina la jirani wa mlango wa pili. Nikikutana na mtu nikamuuliza mvua imemfikia, hunitazama akidhani nimepoteza mwavuli.

Binti yangu akitaka kwenda mpirani huniandikia mstari mmoja akiwa chumba cha pili: naenda, ni sawa? Mimi humrudishia kidole gumba. Inachukua sekunde nne, na hakuna anayelala na wasiwasi wiki nzima. Wakati mwingine huongeza kialama cha moyo, nami huongeza changu, na ninafurahi, kwa kweli ninafurahi. Baba yangu hajawahi kunitumia moyo wala kuniambia kwa mdomo wake kwamba ninaruhusiwa. Aliliacha pikapu nyuma ya kinu kuanzia saa tatu asubuhi, akakaa ndani yake saa nyingi bila redio, akingoja ifike saa tisa, ili mtaa mzima uamini kwamba yuko Molo.